Gemu linajua kuhesabu manowari, halijui zinakula nini

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mbeya, baridi ndo imeanza kuuma huku lakini tupo. Wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa vijana mliweka makala ndefu ya kulisifia lile gemu la kompyuta la mkakati wa vita, lile ambalo unachagua nchi halafu unaongoza majeshi kuanzia mwaka 1914 mpaka mwisho, na mwandishi wenu akafika mbali akasema eti kijana akilicheza kwa likizo moja tu ataijua Vita ya Kwanza ya Dunia kuliko anayekesha na madaftari. Mimi sina ugomvi na magemu, hilo lenyewe nalicheza jioni nikishafunga duka, kwenye laptopu ya mpwa wangu, na upande wa nchi kavu kiukweli wamejitahidi, mvua ipo, njaa ipo, malaria ipo, askari wanachoka na wanatoroka. Ila upande wa majini wametupiga changa la macho, na mwandishi wenu kalimeza zima zima bila kutafuna.

Nijieleze kidogo msije mkadhani naropoka. Nauza spea za injini hapa Mwanjelwa, na kabla ya duka nilikuwa fundi wa injini za boti kule Itungi, Kyela. Manowari sijawahi kupanda, ila chombo cha majini kinachogoma kuwaka katikati ya ziwa nakijua vizuri sana, najua nahodha anavyokuangalia wewe fundi, na wewe unaangalia pampu, na abiria wanakuangalia wote, na spea yenyewe iko Dar. Sasa nikiona gemu linaponyesha meli kama mtu anayemeza panadoli nashindwa kukaa kimya.

Ngoja nieleze nilichokiona. Nimechagua Ujerumani. Dar es Salaam kwenye ramani ina alama ya nanga, maana yake ni bandari inayotengeneza meli, na kuna meli moja ya maana, Königsberg. Nikaituma Zanzibar, ikapiga, ikarudi mstari wake wa uzima umeshuka kama nusu hivi, nikaiingiza Dar, nikabonyeza kile kialama cha spana, nikaharakisha saa, na hata wiki mbili za gemu hazijaisha meli imepona kabisa, mstari kijani kibichi mwanzo mpaka mwisho, na hazina ya koloni imepungua vihela vya kuhesabu kwa vidole. Mpwa wangu akasema "anko leo umeua." Nikamwambia sogeza kiti nikusimulie ilivyokuwa kweli.

Königsberg ilitoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, vita kati ya Uingereza na Ujerumani bado siku chache itangazwe. Nje kulikuwa na meli tatu za Waingereza za kikosi cha Cape zinaivizia, Hyacinth, Astraea na Pegasus. Kwenye gemu hiyo ni hesabu ya darasa la pili, tatu dhidi ya moja, moja inakufa. Lakini zile tatu zilikuwa za miaka ya 1890, zimechoka, na Königsberg ilianza kazi 1907 na mwendo wake ni noti 24 (maili za baharini kwa saa), yani ikiamua kuondoka inaondoka tu na wewe unabaki unaangalia moshi. Na ndivyo ilivyofanya, ikawachomoka. Gemu lina neno moja tu, kruza, yani manowari ya mbio, na kila kruza inapewa nguvu karibu sawa na mwenzake, kama vile basi la mwaka huu na basi la kabla sijazaliwa ni basi tu.

Halafu tarehe 20 Septemba 1914 ndo ikaja ile ya Zanzibar. Pegasus ilikuwa imetia nanga pale, boila na mitambo vinatengenezwa, haiwezi kung'oka kwenda popote. Königsberg ikafika alfajiri, mizinga yake ya sentimita 10.5 inafika mbali kuliko ya Pegasus, ikapiga ikiwa mbali huku ya mwenzake inaangukia majini kabla haijafika, wakafa mabaharia zaidi ya 30 na meli ikazama. Sasa tazama kilichoamua pale. Sio ujasiri, sio jenerali ana nyota ngapi, ni ratiba ya ufundi. Meli moja ilikuwa gereji siku ambayo nyingine iko barabarani. Gemu hilo halina siku ya gereji, meli zote ziko tayari muda wote usiku na mchana mwaka mzima, hata daladala za Mbeya haziwezi hivyo.

Na ndo tunafika kwenye kile kialama cha spana. Baada ya ushindi wa Zanzibar, Königsberg yenyewe injini ikafa. Haikupigwa na mtu, ni chuma tu kimechoka kikavunjika. Ikarudi kujificha kwenye delta ya Rufiji, pale Salale, katikati ya mikoko. Kwa nini haikuingia Dar es Salaam kwenye nanga yetu ya kwenye ramani? Kwa sababu tarehe 8 Agosti Wajerumani wenyewe, kwa kuogopa Waingereza wataingia, walilichukua doki lao la kuelea, lile la kuinulia meli ili uifikie chini, wakalizamisha kwenye mlango wa bandari. Kwa mikono yao wenyewe! Doki pekee walilonalo pwani nzima wanalifanya kizuizi, na siku hiyo hiyo wakaizamisha na meli yao ya kupima bahari, Möwe. Kwa hiyo ile spana ya kijani pale Dar ni uongo mtupu kuanzia wiki ya kwanza ya vita.

Kilichofuata ndo ningependa mtengeneza gemu akione kwa macho. Vile vipande vya injini vilitolewa ndani ya meli, vikapelekwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa delta vikafungwe tena. Kutoka Rufiji mpaka Dar ni zaidi ya kilometa mia, na hiyo barabara ya lami mnayoijua leo haikuwepo, ni mchanga, mabonde, tope na mito. Vyuma vya injini ya stimu sio nozeli za kuweka mfukoni, ni vitu ambavyo watu wanaviburuta kwa kamba huku wanaimba, na walioburuta walikuwa Waafrika. Mwisho wa siku meli ikapona kweli, mafundi wale nawavulia kofia. Lakini ilipopona Waingereza walikuwa wameshajua ilipo, mwishoni mwa Oktoba meli ya Chatham iliigundua, na zikaletwa na Dartmouth na Weymouth zikakaa mlangoni zinasubiri. Muda ule wa matengenezo ndo uliowamaliza. Gemu linaufanya muda huo kuwa kitu cha kubonyeza ukaenda kunywa chai.

Twende kwenye chakula sasa. Meli ya 1914 inakula makaa ya mawe, na inakula kama haina akili nzuri. Kwenye gemu kuna kitu kinaitwa mafuta, tena ni pipa moja la dunia nzima, ukiwa nayo Berlin basi na Rufiji unayo. Jamani. Mjerumani alikuwa na makaa kwao ya kumwaga, ila kati ya hayo makaa na Königsberg kuna bahari yote inayolindwa na Waingereza. Meli ya kwanza ya biashara waliyoikamata, City of Winchester, tarehe 6 Agosti, waliyachukua makaa yake yakawa ya hovyo, yanaziba boila kwa masizi. Upande wa Msumbiji kwa Wareno, Waingereza walishawahi wakanunua makaa yaliyokuwepo ili Mjerumani asipate hata gunia. Meli ya kuipelekea Königsberg mahitaji, Somali, ikapigwa humo humo delta mwezi Novemba ikaungua. Wakajaribu tena kutoka Ujerumani, wakaituma meli inaitwa Rubens, wakaibadilisha jina na bendera ionekane ya Denmark, ikazunguka dunia yote hiyo ikafika Aprili 1915 kwenye ghuba ya Mansa kaskazini ya Tanga, na hapo hapo Hyacinth ikaikuta ikaipiga. Bunduki na risasi Wajerumani waliziokoa nyingi wakazipeleka kwa jeshi la nchi kavu, lakini makaa ya Königsberg ndo basi tena.

Kwa hiyo meli ile haikushindwa vita baharini. Ilikosa pa kwenda. Unaweza ukawa na mizinga kumi mizuri kuliko yote pwani hii na bado ukawa umekaa kwenye mikoko unaumwa malaria. Na hiki ndicho mwandishi wenu alichokikosa pale aliposema gemu linaonyesha "nguvu halisi ya majini ya kila taifa". Linaonyesha idadi. Nguvu ni kitu kingine, nguvu ni makaa yako wapi, karakana iko wapi, maji yana kina gani, na nani anabeba.

Kina cha maji nacho nikiseme maana kinanikera. Kwenye gemu ukiwa Uingereza unachukua manowari kubwa kuliko zote unaisogeza mpaka mdomoni mwa Rufiji na mechi imeisha. Waingereza wa kweli walikuwa nayo hiyo kubwa, Goliath ilikuja pale, ikashindwa kufika karibu ya kutosha kwa sababu maji ni mafupi, delta ile ina mchanga chini na njia zake anazijua aliyezipima. Wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, kuziba njia moja ili Königsberg isitoke, lakini kuingia wao wenyewe hawawezi. Miezi ikapita. Mwisho wakaleta vimeli viwili vya ajabu ajabu, Severn na Mersey, vifupi, vipana, chini bapa, vinaelea kwenye maji ambayo manowari ya kawaida inakwama, na mizinga yake ni ya inchi 6. Na unajua vilijengwa kwa ajili ya nani? Brazil! Kwa ajili ya mito ya Brazil, vita ilipoanza Waingereza wakavichukua. Vikavutwa kwa kamba kutoka Malta mpaka huku. Baharini ni takataka, wimbi likija kidogo vinahangaika, gemu likiviweka litaviandika alama ya chini kabisa na hakuna mchezaji atakayevitengeneza. Ndo hivyo hivyo vilivyoimaliza Königsberg, tarehe 6 Julai 1915 vikajaribu vikapigwa vikarudi, tarehe 11 Julai vikarudia na ndege zilizoruka kutoka Mafia zikawa zinaelekeza mizinga, maana mpiga mzinga alikuwa haioni kabisa meli anayoipiga, kuna msitu katikati. Ndege ya siku ile iliangushwa, lakini ilishatoa vipimo.

Sasa meli imezama, kwenye gemu inafutika, taifa lako linapungua alama moja ya manowari na habari imeisha. Kwenye historia hapo ndo kituko kinaanza. Wajerumani walirudi kwenye lile chuma lililolala kwenye tope, wakang'oa mizinga yote kumi, wakaipeleka Dar, karakana ikaitengenezea magurudumu, na ile mizinga ya meli ikazunguka nchi hii na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, kwa miaka. Mizinga mizito ya manowari inavutwa na watu na ng'ombe porini! Mmoja ulipelekwa mpaka Ziwa Tanganyika ukafungwa juu ya meli nyingine, nitaifikia. Na mabaharia nao wakawa askari wa miguu. Mtu akienda Mombasa leo pale Fort Jesus anaukuta mzinga wa Königsberg umekaa karibu na wa Pegasus, maadui wawili uwanja mmoja. Gemu linaloitwa la mkakati linawezaje kuacha kitu kitamu hivi? Hapo wala sio suala la usahihi tu, ni kwamba mchezo wenyewe ungekuwa mtamu zaidi.

Haya, maziwa. Hapa ndo nilipopandwa na hasira nikasema lazima niwaandikie.

Kwenye ramani ya gemu Ziwa Nyasa ni doa la bluu. Huwezi kupita juu yake, huwezi kuweka meli, ukibonyeza haliitiki. Jeshi la Uingereza likitaka kutoka Karonga kuja huku kwetu linalizunguka kwa miguu kana kwamba ni shimo. Tanganyika vile vile, doa. Victoria wamelipa nanga moja kwa huruma. Sasa mimi mtu niliyelala kwenye boti katikati ya doa hilo, mawimbi ya upepo wa kusini yanakupiga mpaka unataja majina ya babu zako wote, niambiwe pale hapapitiki?

Pigano la kwanza la meli na meli katika vita ile huku Afrika Mashariki lilikuwa hapo hapo kwenye doa. Tarehe 13 Agosti 1914, Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya ule mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Leo ni wilaya ya Nyasa, ukisafiri na meli kutoka upande wa Kyela kwenda Mbamba Bay unaipita kabla hujafika. Mjerumani alikuwa na meli yake Hermann von Wissmann imepandishwa ufukweni inatengenezwa, tena ufundi tena! Muingereza alikuwa na Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Habari ya vita ilikuwa imemfikia Rhoades, haijamfikia nahodha wa Kijerumani, na hawa wawili inasimuliwa walikuwa marafiki wa chupa, wakikutana bandarini wanakunywa pamoja. Gwendolen ikaja ikafyatua mzinga wake mdogo, na Mjerumani inasemekana akaruka kwenye mtumbwi anapiga kelele kumuuliza mwenzie kama amelewa. Akatekwa akiwa haamini. Waingereza wakaing'oa vitu vya muhimu ile Wissmann isiweze kutembea, na Mei 1915 wakarudi kuiharibu zaidi wasije wakaifufua.

Unaweza ukacheka ukasema hiyo ni sinema ya vichekesho, mzinga mmoja na meli iliyoegeshwa. Lakini fikiria maana yake. Kuanzia siku hiyo ziwa lote, kilometa zaidi ya mia tano kwa urefu, ni la upande mmoja. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey wa Uingereza lilipovuka kuja huku, likachukua Tukuyu, enzi hizo Neu Langenburg, halafu tarehe 29 Agosti likaingia Iringa, mzigo wake mwingi ulikuwa umepita ziwani kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), chakula, risasi, dawa, watu. Iringa ilichukuliwa na jeshi la nchi kavu lakini lililishwa na meli. Wenzetu wa Iringa mnaosoma hili gazeti, kwenye gemu mji wenu unaangushwa na kikosi kinachotembea kutoka Karonga bila hata kijiko cha unga na kinafika kimeshiba.

Tanganyika ndo balaa zaidi. Mwanzoni Mjerumani ndo alikuwa bwana wa ziwa, ana Hedwig von Wissmann, ana Kingani, halafu akaongeza Graf von Götzen. Hii Götzen ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikafungwa kwenye makasha kama elfu tano, ikaja Dar kwa meli, ikapanda treni ya reli ya kati, ikafika Kigoma ikaungwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Na ndo iliyofungwa ule mzinga wa Königsberg niliousema. Waingereza wakajibu kwa kuchukua vimotaboti viwili, kila kimoja urefu kama mita 12, wakaviita Mimi na Toutou, wakavipakia London Juni 1915 mpaka Cape Town, treni mpaka Kongo, kisha vikavutwa milimani na mashine za stimu na makundi ya ng'ombe, vikasukumwa mtoni, treni tena, mpaka vikafika ziwani mwishoni mwa Oktoba. Mkuu wao Spicer-Simson alikuwa mtu wa vituko, anavaa sketi, kachanjwa chale mwili mzima, na tarehe 26 Desemba 1915 hivyo vimotaboti vyake vikaikamata Kingani mzima mzima maana mzinga wake ulikuwa unaelekea mbele tu. Wakaitengeneza wakaiita Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikasaidia kuizamisha Hedwig. Götzen Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ila mafundi wakazipaka injini grisi nene kwanza (hapo nikasema hawa ni watu wangu), mwaka 1924 ikainuliwa, 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, na imebeba dagaa na wafanyabiashara kati ya Kigoma na Mpulungu kwa vizazi.

Manowari ya vita ile ambayo wasomaji wenu wa Kasanga wamepanda wakiwa na mbuzi, na gemu linasema ziwa halipitiki!

Najua nitakachojibiwa, mpwa wangu kashanijibu, "anko hili ni gemu, wakiweka kila kitu halichezeki." Sawa, sikatai, hata mimi sitaki kukaa nahesabu magunia ya makaa kama karani. Ila kuna kurahisisha na kuna kudanganya. Kurahisisha ni kusema bandari hii ina makaa, hii haina, meli ikikaa mbali na makaa inapungua mwendo, basi, hiyo sheria hata mtoto anaielewa. Ni kusema meli kubwa haiingii maji mafupi. Ni kuruhusu kipande cha meli kipande treni kama kuna reli, maana ndo kilichotokea. Mbona kwenye nchi kavu wameweka tope, ukiwa kwenye tope unachelewa, na hakuna aliyelalamika halichezeki? Tatizo waliotengeneza wana picha ya bahari ya kule kwao kaskazini, manowari mamia, mizinga mikubwa, wakaja wakaipaka hiyo picha juu yetu bila kuuliza huku vita ya majini ilikuwaje. Ilikuwa ya vimeli vichache, spea hamna, na mbebaji.

Mbebaji sijamsahau. Pande zote mbili zilikamata watu kwa maelfu na maelfu, Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wangoni, watu wa pwani, wa Nyasaland, wa Kongo, wabebe chakula, risasi, mizinga na vyuma vya meli. Wengi hawakurudi, waliuawa na njaa na kuhara kuliko risasi. Kwenye gemu kuna kinamba kidogo pembeni kimeandikwa "usafirishaji", kikiwa chekundu unabonyeza kinageuka kijani. Sitaki kuhubiri hapa, ila mwandishi aliyesema gemu linafundisha kuliko darasa amtafute mzee yeyote wa Rungwe au Kilolo amuulize neno tengatenga, yani hao wabebaji, halafu aangalie tena hicho kinamba.

Nimalizie na maombi yangu Mhariri maana najua mtanikata nafasi. La kwanza, chini ya ile picha yenu mmeandika Königsberg "ilizamishwa na manowari kubwa za Uingereza katika bahari ya Hindi". Rekebisheni, ilimalizwa ndani ya delta ya Rufiji na vimeli vya mtoni, Severn na Mersey, tarehe 11 Julai 1915, na mabaharia wake wenyewe ndo waliomalizia kuilipua. La pili, mkiendelea na mfululizo huo wa magemu mpeni kazi hiyo mtu wa Kigoma au wa Nyasa, nauli ya kumpeleka Liuli apige picha ya ule mwamba sio kubwa. Mpwa wangu amegundua gemu lina sehemu ya kuhariri ramani na tayari anaigeuza Nyasa ipitike, ila Liuli kaiweka kusini ya Mbamba Bay wakati iko kaskazini, tunabishana hapa na mama yake anataka laptopu izimwe.

Wasalaam,
Msomaji wenu, muuza spea,
Mwanjelwa, Mbeya